Korongo wa Bondeni Suna

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya masika, miaka ile ya tisini, nilipokuwa mke mchanga hapa Suna. Mamamkwe wangu alinishika mkono shambani, akanionyesha korongo wawili wenye taji kwenye majani ya bondeni. Mmoja alikuwa amelalia mayai, mwenzake anamlinda.

"Nilipoletwa hapa kuolewa, niliwakuta," aliniambia.

Bonde lile jirani yetu alikuwa ameliuza. Mnunuzi alitaka kujenga nyumba za kupangisha, maana mji ulikuwa unakua na watu wanatafuta vyumba. Lori la mawe lilipofika, mamamkwe aliacha jembe akamwendea fundi.

"Fundi, ngojeni vifaranga watoke."

"Mama, mimi pia niko kwa kazi ya mtu," fundi alijibu kwa upole. "Mwenyewe amesema msingi uanze leo."

Niliona haya mbele ya wanaume wale. Ujana nao ni moshi, mwanangu. Nikamvuta leso. "Mama, twende. Si ndege wataenda kwingine?"

Akanigeukia. "Kwingine wapi? Kila kwingine kuna mwenyewe."

Lori likamwaga mawe palepale penye kiota. Korongo wakaruka, wakazunguka juu yetu wakilia, na jioni wakarudi kusimama juu ya lile rundo. Vibarua walifunga kazi wakaenda zao. Baada ya hapo ndege wale hatukuwaona tena. Niliwaulizia hata kwa jamaa zetu wa kule Kisegi, wapi!

Kila masika nyumba ziliongezeka, na wale ndege wadogo tuliokuwa tukiwafukuza kwenye mtama wakapungua. Panzi na viwavi wakabaki na shamba. Mamamkwe, kwa mazoea, aliendelea kudamka na kukaa katikati ya mtama, debe la kupiga liko mapajani, hana wa kumfukuza. Alizeeka hivyo, hadi tukamzika.

Sikukatazi kujenga. Hata mimi nalala chini ya mabati. Lakini Mgala muue na haki umpe. Kabla hujachimba msingi, kitembee kiwanja chako kwa miguu, uone nani amekutangulia. Ukikuta mayai, ngoja. Pale penye majimaji, paache.

Mungu akupe nyumba, mwanangu, na watoto wa kuijaza. Na alfajiri ukifungua dirisha, asikuache upokewe na kimya.