Kadi Yenye Homa

Sipendi kuguswa vyombo vyangu nikiwa kazini, na hilo kila mtu katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga, mtaani Tassia, analijua. Kazi yenyewe ni kupima kadi za kompyuta, zile kubwa zenye feni, zinazochora picha za gemu na za filamu. Watu hununua zilizotumika huko Eastleigh, wakifika nyumbani wanaingiwa na wasiwasi, wananiletea. Mimi natazama mambo mawili tu: kadi inaweza kusukumwa mbio kuliko ilivyotoka kiwandani? Na ikisukumwa, itapoa? Mengine sijui na sitaki kujua. Mtu akiniambia "mambo" nikamjibu "poa", huwa namaanisha aendelee na safari yake.

Mwaka ule mama aliletwa kutoka kwetu magharibi akikohoa. Kifua. Daktari alimpa dawa, akasema asisafiri mpaka amwone tena mwisho wa mwezi, na kwamba baridi ndiyo adui yake mkubwa. Na mwezi wenyewe ulikuwa Julai. Ambaye hajakaa Tassia Julai asinifundishe baridi. Maghorofa yamebanana, ukinyoosha mkono dirishani utamshika jirani shati. Jua linapita juu huko, sisi wa chini tunasimuliwa tu. Mama alivaa sweta mbili, akajifunga leso juu yake, na bado midomo ilikuwa ya kijivu.

Nikamwambia nitaleta hita. Haiya! Utadhani nimemtukana.

"Mimi niwashiwe moto mchana kutwa, kwani nimekufa?"

Kwetu, moto unaowaka siku nzima bila chungu juu yake ni moto wa matanga. Waombolezaji ndio huuota.

"Ukileta hicho kitu hapa, kesho yake niko kwa basi," akamalizia.

Na angepanda, namjua. Huu ukaidi wangu sikuuokota barabarani. Hita nikaiacha, nikabaki na hofu. Nilikuwa nikimsikiliza akikohoa nyuma ya pazia, nikilifikiria basi la kwetu linavyokata ukungu wa milimani Timboroa, madirisha hayafungiki, naye yumo ndani. Niliogopa kwamba angefika nyumbani akiwa wa kuzikwa.

Ndipo jamaa mmoja wa Komarock, mwenye chumba cha kuchezea gemu, akaniletea kadi.

"Niaje, fundi. Hii ilikuwa ya mbio, lakini sijui kama imechoka."

Ilikuwa nzito kama tofali, ya zamani kidogo, ya aina ile inayokula stima, umeme wote wa nyumba, bila haya. Niliichomeka, nikaipa kazi ngumu ya majaribio. Kabla chai yangu haijapoa, ilikuwa imepita nyuzi tisini, feni zinalia, na yenyewe imeanza kujipunguzia mwendo ili isiungue.

Mama akatoka nyuma ya pazia. Akavuta kigoda, akanyoosha miguu karibu na kasha la kompyuta.

"Hii kitu ina homa," akasema.

"Ndiyo, mama. Usiguse."

"Nani amegusa? Namjulia hali mgonjwa."

Kuanzia hapo ikawa ni yeye na mgonjwa wake. Niliifungua kadi, nikakuta vumbi limeshikana mpaka unaweza kulibandua kama kitambaa. Dawa ya kupoza, ile inayopakwa kati ya chipu na chuma cha kubebea joto, ilikuwa imekauka ikawa unga. Nikapangusa, nikapaka nyingine kiasi cha punje ya kunde, nikakaza skrubu kidogo huku, kidogo kule, ili chuma kikae sawa. Nikaiwasha. Nyuzi zikashuka hadi sabini na kitu. Nikaipandisha mwendo, ikakubali. Nikaipandisha tena, picha zikaanza kutoa vidoa vidoa, nikarudi nyuma kidogo, ikatulia. Kusema kweli, ilikuwa kadi nzuri.

Watu hudhani kadi ikipoa, joto limeisha. Joto haliishi. Feni zinalitoa kwenye chipu na kulimwaga chumbani, basi, na ukiisukuma kadi zaidi, inamwaga zaidi. Chumba changu kina dirisha moja, nami nilikuwa nimelifunga. Mama akavua sweta moja. Kesho yake akavua ya pili.

"Leo amefika ngapi?" akaniuliza.

"Sabini na nne."

"Muongeze kidogo. Mwanaume hafi kwa sabini na nne."

Akacheka, na safari hii kicheko hakikukatwa na kikohozi. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Kilichoniponza ni mdomo. Aliponiuliza tena habari za mgonjwa, nilijibu macho yakiwa kwenye skrini: "Amepona. Kesho mwenyewe anakuja kumchukua."

Nilipogeuka alikuwa anakunja leso, mkoba uko wazi kitandani.

"Mgonjwa akipona, waliokuja kumtazama huenda zao," akasema. "Hilo joto lilikuwa la kazi yako, mimi nilikuwa naokota tu. Sasa nikae hapa nikitetemeka, nikusumbue?"

"Bado, mama. Kuna kipimo kingine."

"Si umesema amepona?"

"Homa imemrudia."

Akaitazama kadi, akanitazama mimi. Kisha akaufunga mkoba bila kuweka kitu.

Jamaa wa Komarock alikuja kesho yake mchana, na sikuwa na uongo mwingine. Kadi yangu mwenyewe, niliyokuwa nikifanyia kazi, ilikuwa mpya kuliko yake: inachora vizuri zaidi kwa stima kidogo, na haiwezi kupasha moto hata kikombe. Niliitamani muda mrefu kabla sijaipata. Nikaitoa kwenye boksi nilimokuwa nimeihifadhi mgonjwa alipochukua nafasi yake, nikamkabidhi.

"Chukua hii. Yako inabaki."

Akaigeuza huku na huku. "Fundi, hii ni kali kuliko yangu. Uko sawa kweli?"

"Niko poa. Nenda."

Alienda haraka, nadhani aliogopa nisije nikapata fahamu. Mama alikuwa pale pale kwenye kigoda, macho ameyafumba, miguu mbele ya mgonjwa. Mgonjwa akanguruma mpaka mwisho wa mwezi, nikimchorisha moshi na mawimbi ambayo hakuna aliyekuwa akiyatazama. Tokeni za stima zilikwisha mbio kuliko kawaida, nikamwambia mama mita imeharibika.

Daktari alimsikiliza kifua mbele na mgongoni, akamwambia avute pumzi, akasikiliza tena. Akasema kiko wazi, sasa anaweza kwenda nyumbani.

Kwenye stendi ya mabasi nilikuwa nikigombana na utingo juu ya mkoba, aliotaka kuurusha kwenye keria juu ya basi kama gunia la viazi. Mama akanishika mkono.

"Yule mtu ulimpa kilicho kizima, ukabaki na mgonjwa."

"Mama, hiyo ni kazi. Mambo ya kompyuta huyajui."

"Siyajui," akakubali. "Lakini nimezaa na nimeuguza. Sijaona mgonjwa anayerudiwa na homa kwa sababu mimi nimefungua mkoba."

Utingo akapiga ubavu wa basi kwa kiganja, dereva akawasha injini.

"Sikiliza, baba. Moto wa matanga yangu nimeshauota, nikiwa hai, na aliyeuwasha nimemwona kwa macho yangu. Siku yenyewe ikifika, msihangaike na kuni."

Nikamwambia aache maneno hayo apande, basi linaondoka. Nilisema kwa ukali, ndivyo nilivyo. Alikuwa bado hajauachia mkono wangu, na wake ulikuwa na joto.