Gari Langu Katika Shamba la Shemeji

Nilistaafu ualimu nikiwa na afya njema, namshukuru Mungu, na nikiwa na hamu moja ambayo kwa muda mrefu sikumwambia mtu. Nilitaka gari la kulala. Miaka mingi nilikuwa nimeyaona magari hayo yakipita na wageni, yana kitanda ndani, jiko, sinki, hata pazia dirishani. Mwishowe nikapata moja Olasiti, nyuma ya gereji iliyokwisha kufungwa. Halikuwa na tairi hata moja lenye upepo, na kuku walikuwa wanatagia chini ya kiti cha dereva. Mwenye eneo alitaka tu liondoke hapo. Tulielewana upesi.

Usharikani nilisema gari ni kwa ajili ya kazi ya Bwana. Nitalitengeneza kwa mikono yangu, nikasema, kisha mimi na mke wangu twende upande wa magharibi wa mlima, kwa wafugaji, tukafundishe kipaimara na kulala huko huko bila kumsumbua mtu kwa kitanda. Watu walipiga makofi, na mchungaji akaliombea gari kabla hajaliona. Nilichosema kilikuwa kweli kwa sehemu. Sehemu nyingine ni kwamba nilitaka watu niliowafundishia watoto wanione nikipita na nyumba yangu barabarani.

Kwetu ni juu ya Kimandolu, unapanda mlima mpaka kahawa na migomba vinapobanana. Shamba langu limepakana na la marehemu mdogo wangu, ambalo sasa ni la mjane wake. Baba yetu aliyagawa mwenyewe na kupanda masale katikati, ule mmea wa majani marefu ambao kila mtu wa mlimani anaujua. Masale ndiyo hati yetu. Yakishasimama mahali, hakuna anayeuliza mpaka uko wapi.

Gari lilipofika likivutwa na trekta, shemeji hakuwepo. Binti yake alikuwa amejifungua, naye alikwenda Lemara kumlea miezi mitatu, kama ilivyo desturi. Mahali pekee palipokuwa tambarare ni kando ya mpaka, na hata hapo hapakutosha.

"Mzee, hapa halikai," dereva wa trekta akasema. "Nirudi nalo au hayo majani yatoke?"

"Hayo si majani. Ni mpaka."

"Basi mpaka wako utapita jikoni," akasema, akiwa anacheka.

Nilichukua jembe mwenyewe. Niling'oa mashina kumi na moja, nikayafunga kwa magunia yenye maji na kuyaweka kivulini, ili niyarudishe gari likihama. Magurudumu ya upande mmoja yalikaa katika shamba la mjane.

Halafu nikafanya kosa ambalo fundi yeyote angelikwepa. Nilitoa injini kwanza, nikaipeleka mjini ikafumuliwe, na kwa kufanya hivyo nikaliacha gari halina namna ya kuondoka. Nikaanza bodi. Sakafu ya mbao ilikuwa imeoza kiasi kwamba mguu wangu ulipita ukagusa udongo. Nilikwangua kutu wiki nzima, nikakata bati, nikajifunza kupiga ribiti za kushikiza bati kwa kuharibu nyingi. Paa nililiziba kabla halijakauka vizuri, maji yakabaki ndani ya kuta, ikanibidi nibandue tena kila kitu. Mke wangu alikuwa ananiletea chai na kusimama akitazama.

"Baba, kama umechoka kulala na mimi si useme tu," aliniambia siku moja. "Hakuna haja ya kujenga."

Masika ikakaribia, na masale yakaanza kuchipua ndani ya magunia. Injini haikuwa imerudi. Nikayapanda upande wa pili wa gari, hatua tatu ndani ya shamba la shemeji. Nilijiambia ni ya muda. Nakumbuka hata niliomba baada ya kuyapanda, na sasa sijui nilikuwa naomba nini. Sale halina shida, ukilichomeka linashika. Mvua za wiki chache zikatosha. Shemeji aliporudi, yalikuwa yamesimama kana kwamba baba ndiye aliyeyapanda.

Aliniamkia, akalizunguka gari taratibu.

"Shemeji, hili gari limenenepa, au ni shamba langu limekonda?"

Nilicheka. Nikamwambia litahama likipata injini. Akageuka akaenda kwake. Mimi ni kaka wa mume wake, na watoto wake wote walipata kipaimara kwa mafundisho yangu.

Baadaye shemeji aliamua kumpa binti yake kipande ajenge, na kipande hicho kilikuwa upande huo huo. Wazee watatu wa ukoo wakaja kuona. Aliwaeleza kwamba masale hayakuwa pale.

"Mama, masale hayatembei," mmoja akasema, na wenzake wakacheka. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye mkubwa hapa. Tuambie."

Nilikuwa na msasa mkononi na vumbi la puti, ile ya kuzibia mashimo ya bodi, mpaka kwenye nyusi. Niliwaza kuta zilizofunguliwa, injini iliyoko mjini, usharika uliokwisha kuniombea. Nikasema, "Mpaka ni masale." Kila mahali mlimani maneno hayo ni kweli, isipokuwa pale niliposimama.

"Asante, shemeji," alisema. Akaingia ndani.

Naona aibu kuandika kwamba kesho yake niliendelea na kazi. Nilitengeneza kabati, nikatengeneza kitanda, nikakata godoro likaenea vizuri. Nilipomwita mke wangu aje alijaribu, alisimama mlangoni.

"Mimi silali shambani kwa mjane," akasema, akarudi na chai yake.

Jumamosi hiyo darasa la kipaimara lilikuwa limefika kwenye amri ya kutokutamani nyumba ya jirani. Niliwaambia watoto wajisomee, nikatoka nje nikidai kikohozi.

Kwetu aliyekosa huenda kwa aliyemkosea akiwa na jani la sale. Likiletwa, mtu hakatai. Nilikata jani, nikaanza kwenda. Si mbali, lakini kabla sijafika niliona ninachokifanya. Nilikwisha kumnyang'anya ardhi kwa masale, na sasa nilikuwa nakwenda kumnyang'anya msamaha kwa masale hayo hayo. Nikalitupa chini ya mgomba.

Alikuwa barazani akichambua maharage. Nilimwambia kila kitu, tangu trekta. Nikamwambia nitawaita wale wazee na kusema mbele yao.

"Jani liko wapi?" akauliza.

"Sikuleta."

"Umelisahau, wewe mwalimu?"

"Ningelileta, ungelazimika."

Aliendelea kuchambua. "Ni kweli, ningelazimika," akasema. "Waite wazee."

Walikuja. Nilisema nikiwa nimesimama kando ya gari, kwa sauti ya kusikika, na majirani waliokuwa wakipita wakasimama. Yule mzee wa masale hayatembei alitazama viatu vyake. Hakuna aliyenigombeza. Ningependa wangenigombeza walau kidogo.

Ili gari lipate pa kukaa upande wangu, nilikata mibuni yangu kumi na minne na kung'oa visiki. Ndugu walikuja kusukuma. Kabati lilifunguka, vikombe vikaanguka ndani, tukaendelea kusukuma. Kisha nikaanza kuyarudisha masale. Mimi mkubwa sikukumbuka yalipokuwa. Shemeji alikumbuka shina kwa shina, akawa ananionyesha kwa ncha ya kiatu.

"Huku kidogo. Hapana, shemeji, huku."

Nilichimba alipoonyesha. Tulipofika shina la mwisho nilibaki nimepiga magoti, nikamwomba anisamehe.

"Bado," akasema. "Siku ikifika nitakuambia."

Injini imekwisha kurudi, na gari linawaka. Magharibi hatujaenda. Nimemwambia mchungaji kwamba siwezi kwenda kufundisha watu amri za Mungu kabla jirani yangu hajanipa jibu, naye amekubali. Shemeji ananiamkia kila asubuhi, nami namwitikia, namshukuru Mungu kwa salamu hiyo, na sijamuuliza.