Bastola Ndogo na Hatua ya Sita

Miaka kumi na moja nilitunza ghala la silaha katika kambi moja ya jeshi huko Tanzania, nikadhani hakuna bunduki duniani itakayonishangaza tena. Kisha fundi wangu hapa Birmingham akafungua kiboksi cha mbao juu ya meza. Ndani ililala bastola iliyoenea kiganjani, na kando yake risasi nyembamba kuliko penseli, ncha yake ya shaba kama punje ya mchele. Nilipigwa na butwaa.

"Mama, huyu ni mgeni wetu," alisema. "Mwenyewe anataka tutest Friday, halafu inaenda museum."

"Hii si hata panya atacheka, mzee?"

"Panya atakufa. Wewe ndiyo utacheka."

Fundi wangu ni Singasinga aliyezaliwa Kisumu, na Kiswahili chake hakijawahi kuondoka karakana ya bunduki ya baba yake huko. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, naye huitika marahaba huku akiangalia saa kama nimechelewa. Karakana yake ina kibali maalumu cha kutengeneza silaha za makumbusho, maana nchi hii raia wa kawaida haruhusiwi kuwa na bastola ya namna ile. Mimi nilisubiri makaratasi miezi saba kabla ya kuruhusiwa kugusa hata skrubu. Kabla ya hapo nilikuwa napiga deki wodi za hospitali kule Harborne, na sikuwa na hamu ya kurudi kwenye lile dekio. Majaribio yangu ya kazi yalikuwa yanaisha Ijumaa hiyo hiyo.

Alinipa lenzi nitazame kitako cha risasi. Risasi nilizozoea zina fataki katikati, kidude cha mviringo kinachoonekana wazi. Hii haikuwa na kitu. Fataki yake imefichwa ndani ya ukingo wa ganda, imezunguka pande zote, na pini ya bastola hugonga pale ukingoni tu. Halafu, kwa baruti isiyojaza kijiko cha chumvi, bastola inarudisha chuma nyuma, inatupa ganda, inapandisha risasi nyingine yenyewe. Risasi za kipimo kile ni adimu. Mwenye bastola alituma boksi moja, nalo halikujaa. Nilikaa nikiitazama mpaka chai yangu ikapoa.

Fundi alinieleza yote isipokuwa jambo moja, kwa kuwa hakudhani mtu mwenye miaka yangu kazini angehitaji kuambiwa.

Kambini silaha haipokelewi wala hairudishwi bila kukaguliwa, na ukaguzi una hatua sita. Elekeza mtutu pasipo na mtu. Toa magazini. Vuta nyuma. Chungulia. Achia. Fyatua, isikike ikilia tupu. Hiyo ya sita ndiyo ushahidi, na aliyeiruka alizungushwa uwanjani juani mpaka akome. Basi kila asubuhi nikiitoa bastola kwenye sefu, na kila jioni nikiirudisha, nilifanya zote sita. Fundi alikuwa chumba cha nyuma, mashine ya kukerezea ikimzibia masikio. Nilijiona mwanajeshi hasa, nikasikitika kwamba hakuna wa kunipigia saluti.

Ijumaa akachukua risasi ya kwanza aijaribishe kwa mkono. Ikaingia nusu, ikakwama. Akamulika tochi mdomo wa chemba, pale risasi inapokaa, akatazama kwa lenzi, uso ukamkunjamana.

"Mtu amefyatua hii ikiwa empty," alisema. "Si mara moja. Kama risasi hakuna, pini inagonga edge ya chemba. Ona, chuma imesukumwa ndani."

Nikaona. Alama ndogo kama ya ukucha, na hiyo ilikuwa kazi ya mikono yangu.

"Lazima ni mwenyewe huko kwake," akasema, akanyoosha mkono kwenye simu. "Ngoja nimwambie."

Sitasema uongo, nilitaka apige. Mwenye bastola yuko mbali, sijawahi kumwona, na lile dekio nalijua uzito wake. Alikuwa ameshabonyeza namba tatu.

"Mzee, ni mimi. Asubuhi na jioni, tangu Jumatatu."

Akaiweka simu chini. Nikajua unga wangu umemwagika. Hakunitukana, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alifungua droo, akatoa kipini cha chuma kilichong'aa, alichokikereza mwenyewe kwa kipimo cha chemba ile, akakipaka mafuta. Akaanza kukisukuma taratibu, anazungusha, anatoa, anatazama. Hakukata wala hakupiga tupa. Kidogo kidogo chuma kilirudi mahali pake, bila kupungua hata chembe. Nilisahau hofu yangu nikabaki kumtazama mikono.

"Nilikuwa na twenty years," akasema bila kuinua kichwa. "Rifle ya customer, ndogo, namna hii. Niliharibu hivi hivi, nikichezea. Baba akauliza nani. Nikanyamaza. Akamfukuza fundi yetu. Yeye ndiye alinifunza hii kipini."

"Alikwenda wapi?"

"Sijui. Mpaka leo, mama, sijui."

Kisha akapiga ile simu, nami nikasikiliza kila neno. Alisema sisi ndio tulioiharibu na sisi tumeitengeneza. "We did it," alisema, "we put it right." Jina langu hakulitaja.

Tukashuka chini kwenye handaki la majaribio, akanikabidhi mimi. Mlio ulikuwa mkavu, mdogo, na maganda yakaruka moja baada ya jingine, mepesi, yakang'aa sakafuni. Risasi sita, hakuna iliyokwama. Machozi yalinilenga, sijui kwa furaha au kwa mshangao.

"Sasa kagua," akasema.

Nikaelekeza, nikatoa, nikavuta, nikachungulia, nikaachia. Alisimama karibu yangu amekaza macho kwenye kidole changu. Miaka kumi na moja ilikuwa inakivuta kile kidole. Nikakiacha nje, kimenyooka, nikampa bastola.

Akaipokea kwa mikono miwili.

"Monday, saa mbili kamili," alisema. "Usichelewe."