Boneti ya Baba Mkwe

Jumamosi asubuhi jirani yangu hapa Lushoto, mwalimu mstaafu, alikuwa uani akifunga ile plastiki nyeusi inayokinga boneti na mawe na wadudu. Alipokaza skrubu ya mwisho aliishusha boneti kwa vidole viwili, akichelea kuipasua plastiki mpya. Haikujifunga. Hakuona, wala mimi niliyemshikia bisibisi sikuona. Akawasha gari ateremke kona za Soni, ambako upepo ukifunua boneti dereva haoni mbele.

Mke wa mwanawe, aliyekuwa akifagia uani, aliuona mwanya chini ya boneti. Lakini kwetu mkwe hamkosoi baba mkwe. Akasimama mbele ya gari linalounguruma.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Nipishe.”

“Umeamkaje?”

“Salama. Nimesema nipishe!”

“Na mama hajambo?”

“Si unaishi naye!”

Gari likasogea, yeye hakusogea. Mzee akashuka amefura. Mkwe akaweka kiganja juu ya boneti kama anayejishikiza, akakandamiza. Ka!

Wanaosema salamu zetu zinapoteza muda hawajateremka Soni na boneti iliyolegea.

Mzee akaitazama plastiki yake, akamtazama mkwe.

“Marahaba,” akasema, ingawa safari hii hakuna aliyemwamkia.