Mstari wa Kuvuka

Kila asubuhi baba mkubwa huupigia hodi mguu wake wa kulia. Hukaa ukingoni mwa kitanda, hugonga goti kwa kifundo cha kidole, husema polepole, "Hodi," kisha husubiri, kichwa kimeinama upande, kama mtu aliyesikia ndara zikiburutwa ndani ya nyumba. Siku nyingine mguu huitika mara moja. Siku nyingine hukaa kimya, naye husubiri bila hasira, pazia likivuta pumzi dirishani na mwanga ukitambaa juu ya shuka.

"Bado umelala," humwambia mkewe.

"Uache ulale. Umekanyaga cherehani tangu ujana."

Baba mkubwa ni fundi wa nguo. Chumba cha mbele ndicho cha kazi: meza ya kukatia, cherehani mbili, na nguo za watu zinazoning'inia ukutani kama wageni wasio na haraka. Ugonjwa wa kutetemeka ulimwingia taratibu. Mkono wake ukipumzika hutetemeka; ukishika mkasi na kuuona mstari wa chaki, hutulia. Shida ni miguu. Ikifika mlangoni huganda, na hata umbembeleze vipi, hawezi kuiondoa. Mama mkubwa ndiye aliyepata dawa ya mlango. Alichora mistari sakafuni kwa chaki ya kushonea, naye mumewe akaivuka mmoja mmoja kama mtu anayevuka vijito.

Chuoni nimesoma kwamba ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu inayomsaidia mtu kuanza mwendo kwa kutaka kwake mwenyewe. Humo ndimo ugonjwa huu unamokaa. Mstari unaoonekana hupita njia nyingine, njia ya macho. Nimesoma pia kwamba ubongo huanza kujiandaa kabla mtu hajahisi kuwa ametaka kuinua kidole, na wataalamu mpaka leo wanabishana maana yake ni nini. Sikuwahi kuyasema hayo mezani. Nyumba ile ina wasemaji wa kutosha.

Msemaji mkuu ni kaka, mtoto wao. Alitaka chumba cha kazi kifungwe, baba yake ahamie kwake, akae kwenye kiti cha magurudumu.

"Lakini anatembea!" mama mkubwa alisema.

"Chaki ndiyo inayomtembeza, mama. Yeye anafuata tu."

"Na wewe ukiona gari si unaruka kando? Basi aliyeruka ni gari?"

Baba mkubwa alicheka mpaka kikombe kikamwagika. Kisha akamwambia mwanawe, "Njoo kesho asubuhi. Nikishindwa kufika mezani kwangu bila kushikwa, funga chumba, uondoke na ufunguo."

Kaka alikuja mapema, akasimama dirishani karibu nami, mikono kifuani. Chaki ilikuwa imebaki kipande kama ukucha, kwa hiyo mama mkubwa alikuwa amechora mistari ya kukatikakatika ili itoshe. Baba mkubwa akafika mlangoni. Akasimama. Vumbi la nyuzi lilielea kwenye mwanga, na ilionekana kama asubuhi yote imesimama pamoja naye.

"Mke wangu, huu mstari gani?"

"Mstari ni mstari, mume wangu. Vuka!"

"Huu ni wa kukunja. Wa kukata hauna mapengo."

Mama mkubwa akajiziba mdomo. Kwa mafundi, penye mapengo kitambaa hukunjwa, mkasi haupiti. Miaka yote hiyo macho ya baba mkubwa yalikuwa yamezoea kukomea hapo, na sasa miguu nayo ilikomea hapo hapo.

"Basi, baba," kaka alisema, akisogea. Sauti yake haikuwa ya ushindi. "Umejitahidi."

"Usinishike."

Mkono wake ukapanda shingoni ukitetemeka, ukaikamata futi ya kupimia nguo iliyoning'inia hapo, ukatulia. Akaitupa mbele ya vidole vyake. Ilianguka imepinda, naye akaguna kama anavyoguna akiona mshono mbaya. Halafu mguu ukainuka, polepole, kama jani linaloinuliwa na maji. Akaivuka futi. Hatua ya kwanza ikaivuta ya pili, ya pili ikaivuta ya tatu, mpaka viganja vyake vikalala juu ya meza.

Kaka aliiokota futi, akamrudishia baba yake shingoni. Kisha akauliza kama suruali yake ya kazini inaweza kupunguzwa kiuno.

"Acha hapo. Itapanga foleni kama za wenzako."

Walipotoka, nilibaki kumshikia kitambaa akikata. Nikakusanya ujasiri, nikamuuliza swali langu moja.

"Baba mkubwa, pale mlangoni, uliamua kutembea wakati gani? Ulipotupa futi, au mguu ulipoinuka?"

Mkasi haukusimama.

"Niliamua jana, mwanangu," alisema. "Leo nilikuwa naungoja mguu tu."