Mkono wa Pavani Kwenye Achari

Mama mdogo Pavani alikuwa mwoga. Nasema hili kwanza ili asije mtu akadhani nasimulia habari za shujaa. Aliogopa mijusi, aliogopa radi, aliogopa simu inayolia alfajiri, na zaidi ya vyote alimwogopa bibi yangu Kameshwari, mama mkwe wake. Lakini alikuwa mwalimu wa biolojia, na akishika chaki mbele ya wasichana wa darasa la nane aliwaambia waziwazi kwamba damu ya mwezi ni damu tu, haina najisi, haikaushi maua wala haiharibu chakula. Wazazi wakaenda kumlalamikia kwa mwalimu mkuu. Aliendelea kufundisha vilevile, ila kila jioni kabla ya kufungua mlango wa nyumbani alisimama kidogo nje akavuta pumzi.

Ndani ya nyumba ile kulikuwa na mkeka. Ulikaa kwenye baraza ya nyuma, karibu na bafu, na mwanamke akiingia mwezini alihamia hapo kwa siku tano na sahani yake na bilauri yake. Hagusi jiko, hagusi chumba cha sala, na hasa hagusi achari. Mama yangu, kwetu Hyderabad, alikuwa ameyaacha hayo zamani, lakini aliponipeleka Amalapuram kwa likizo ya mwezi wa tano alininong'oneza, "Ukiwa kwa bibi, fuata ya bibi. Usiniletee kesi." Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Sikumaliza wiki, mwili wangu ukaleta kesi wenyewe.

Basi nikawekwa mkekani. Bibi hakuwa mkali kwangu. Alinidondoshea wali kwenye sahani kutoka juu, mkono usiniguse, akanisimulia habari za shangazi yake aliyeshika mtungi wa achari akiwa katika siku zake. Achari ikaota funza, alisema, na kabla mvua hazijanyesha mzee wa nyumba akafariki. Alisimulia kama anayekuonyesha njia ya sokoni. Mimi nilimwazia babu, aliyepasuliwa moyo mwaka uliopita, nikakaza mikono mapajani nisije nikagusa kitu kwa bahati mbaya.

Asubuhi iliyofuata ndiyo ilikuwa ya achari. Babu na baba mdogo Sridhar, mume wa Pavani, walirudi sokoni na gunia la maembe mabichi yaliyokwisha katwa pamoja na kokwa. Maembe yakishakatwa hayangoji kesho. Achari hiyo ndiyo ya mwaka mzima, ya kwao na ya kwetu, na miaka yote bibi aliichanganya kwa mkono wake mwenyewe. Safari hii bega lake lilikuwa limegoma, hata kuchana nywele alichanwa.

"Mwaka huu utachanganya wewe, binti," alimwambia Pavani. "Mimi nitakaa hapa nikupigie kelele."

"Kama kawaida," babu alisema nyuma ya gazeti lake.

"Nimekusikia, mzee."

Dakika chache baadaye mama mdogo akaja mbio kwenye baraza ya nyuma, ametoka kuoga, nywele zimefungwa kitambaa.

"Maithili, una pedi?"

"Za nani?"

"Za babu yako! Nipe moja, na ufunge mdomo."

Nikampa. Ndipo akili yangu ilipofika. Nikamwambia, "Mama mdogo, usiende kule."

"Maembe yamekatwa. Nikisema sasa, nani atachanganya? Mama hawezi kuinua mkono, wewe uko hapo. Yatatupwa yote, na kila wali utakaopakuliwa mwaka huu nitakumbushwa."

"Lakini babu..."

"Babu ana nini?"

Nikaweka mkono kifuani, penye moyo. Alinitazama, akaelewa, na akajaribu kutumia ile sauti yake ya darasani. "Ni damu tu, Maithili."

Kupitia mlangoni nilimwona akikaa mbele ya beseni. Unga wa haradali, pilipili, chumvi, uwatu, mafuta ya ufuta. Mkono ukazama, ukatoka mwekundu hadi kiwiko. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake akiongoza.

"Taratibu. Unachanganya achari, hufui shuka. Na mbona unatoka jasho hivyo?"

"Joto, Mama."

"Jifute. Tone likianguka humo tumekwisha."

Achari ikatiwa kwenye mtungi wa kauri, mdomo ukafungwa kitambaa cheupe, ikaachwa mpaka siku ya tatu, ambayo ndiyo ya kufungua, kukoroga na kuonja. Sijawahi kuishi siku ndefu kama zile. Kila babu alipokohoa nilisimama. Akilala mchana, nilichungulia mlangoni kuona kama kifua kinapanda na kushuka. Nilitaka kumwambia bibi, halafu nikafikiria uso wa mama mdogo, nikanyamaza, na kunyamaza kwenyewe kukanitisha.

Siku ya pili mama mdogo alikuja kuanika nguo karibu na mkeka wangu. Aliongea huku amegeukia nguo.

"Lile jasho lilianguka. Nililiona. Tone moja la maji linatosha kuleta ukungu, Maithili. Ni maji yanayoharibu, si damu. Lakini ukungu ukiota, nani ataulizia maji?"

"Si hawajui kuhusu ile damu?"

"Mimi najua." Akabana nguo ya mwisho kambani. "Naogopa itaharibika. Na naogopa zaidi kwamba ikiharibika, nitaamini. Nitarudi darasani niwaambie nini wale watoto?"

Siku ya tatu, mchana, wote walikaa sakafuni jikoni na sahani zao. Mimi nilikuwa palepale kwenye mkeka, ng'ambo ya kizingiti, nikiona kila kitu. Bibi akafungua kitambaa kwa mkono wake mzima. Mafuta yalikuwa yamepanda juu, mekundu, safi, na harufu ya haradali ikanifikia nilipo. Mama mdogo akakoroga kwa mwiko bila kupumua. Bibi akachota kidogo, akaichanganya na wali wa moto na samli, akatia mdomoni, akafumba macho.

"Haijawahi kutoka hivi," alisema. "Hata ya mama yangu haikuwa hivi." Kisha akageuka kunitazama kwa upendo kabisa. "Unaona, mjukuu wangu? Nyumba ikishika usafi wake, hakuna kinachoharibika. Wewe umetulia mkekani kwako, na matunda yake ndiyo haya."

Mama mdogo alikuwa amepona. Angeweza kuketi, kula na kusifiwa. Lakini babu alikuwa amekwisha finyanga tonge lake la kwanza na kuliinua, na mimi nilikuwa nimesimama, mikono mdomoni, nalia bila sauti. Mama mdogo akaniona. Akaweka mwiko chini.

"Mama," alisema, "mimi pia niko mwezini. Tangu asubuhi ya maembe."



"Ya maembe?" bibi aliuliza.

"Ndiyo, Mama. Nilianza kabla sijachanganya."

Bibi akainuka, akatoka mpaka bombani, akasukutua. Alisukutua kwa muda mrefu, akatema, akasukutua tena.

"Si ungesema tu, Pavani," baba mdogo alisema.

"Ningesema, ikawaje?"

"Angalau tungejua." Akaisukuma sahani yake. "Sina njaa." Na huyu ndiye aliyekuwa akiwahutubia marafiki zake katika baraza ya mbele kwamba nchi haitaendelea mpaka wazee waache ushirikina. Mama mdogo aliitazama ile sahani iliyosukumwa, kisha akamtazama mwenye sahani. Alikuwa amejiandaa kumwogopa mama mkwe. Hakuwa amejiandaa kwa hili.

Babu tonge lilikuwa bado mkononi. "Moyo wangu umeshapasuliwa na madaktari," alisema, "leo uje uogope embe?" Akala. Nilimwangalia anavyotafuna mpaka akameza. Akaomba aongezewe.

Bibi akarudi, anajifuta mdomo kwa pindo la sari. Tulidhani ataumwaga mtungi. Aliufunga tu kitambaa chake, akaketi, akachota wali mtupu, akaunyunyizia chumvi.

"Kuleni ninyi," alisema.

Mama mdogo akabeba sahani yake, akavuka kizingiti, akakaa mkekani kando yangu. Akafinyanga tonge akanipa mkononi, ngozi yake ikagusa yangu mbele ya wote.

Nikala. Nilingoja tumbo linikate, nilingoja babu aanguke, na babu alikuwa akilamba vidole. Achari ilikuwa tamu kweli. Badala ya kufurahi nikashikwa na hofu nyingine mpya, kwa sababu nilikuwa namwona bibi, ameinamia sahani yake ya wali na chumvi, hainui macho. Aliolewa akiwa na umri wangu ule. Alikaa kwenye baraza hiyohiyo kila mwezi, miaka na miaka, katika joto na katika mvua, na siku nyingine mwanawe akiwa na homa ndani akimwita, asiende. Kama achari ile ilikuwa nzuri, basi alikaa bure. Na alikuwa ameshaionja.