Mafundo ya Uzi Mwekundu

Jirani yangu alilisukuma lile pambo kwa ncha ya kandambili mpaka likafika miguuni pangu. Hakutaka kuligusa kwa mkono.

"Hili n'lako," alisema. "Lichukue."

Lilikuwa zawadi niliyompelekea mjukuu wake mchanga alipotimiza siku arobaini. Wakati wa baridi huwa natoka na kamera yangu ya mtumba kupiga picha miti iliyo kando ya kijito, nyuma ya fleti zetu hapa Laurel. Nimehamahama sana katika nchi hii ya ugenini, mji hadi mji. Nilikaa Annandale, nikakaa Takoma Park, na kila nilipoanza kuzoea, miguu iliniwasha. Miti iliyopukutika hunituliza. Naweza kusimama chini ya mmoja mpaka vidole vife ganzi, nikifuata tawi lilikopinda kutafuta mwanga. Nikirudi, mifuko ya koti imejaa vitufe vya miiba vinavyodondoka mitini, makoko ya misonobari, magome meupe yanayobambuka yenyewe. Ndivyo ninavyotengenezea mapambo ya ukutani.

La mtoto nililifanya kwa uangalifu zaidi. Nilikunja duara la vijiti, nikapanga magome na vitufe, nikaongeza unyoya mweusi niliouokota juu ya theluji, na vyote nikavifunga kwa uzi mwekundu kwa sababu wekundu ulipendeza juu ya kijivu. Jirani hakuwepo nilipolipeleka. Bintiye alilipokea, akalitundika juu ya kitanda cha mtoto.

Siku ya pili mtoto akashikwa na homa.

Mama huyu jirani ni wa Mombasa, mimi wa Tanga, na utani wetu ulikuwa wa kila siku. Akionja mchuzi wangu husema watu wa Tanga hujui wametia nini chunguni, tukacheka. Ndiye peke yake katika jengo zima aliyenifungulia mlango bila kuuliza nimefuata nini. Sasa alisimama akiuziba mlango huohuo, na nyuma yake nilimsikia mtoto akikohoa. Nilijua nikikosea neno sitaingia tena humo, na Ijumaa msikitini habari zangu zitakuwa zimenitangulia.

Nikamwambia ni mapambo tu. Nikawasha kamera nimwonyeshe: mti ni huu, gome lake ni hili, vitufe hivi huning'inia hivi. Aliangalia bila kupepesa. Bintiye akasema kwa Kiingereza kutoka sebuleni kwamba daktari ameshasema ni mafua, na kwamba vitu kama hivyo huuzwa madukani. Mama yake hakugeuka.

"Miti nimeiona. N'ambie mafundo ni ya nini."

Hapo ndipo nikaelewa. Tangu chuo cha Kurani, tungali watoto, mimi na yeye, kila mmoja kwao, tulifundishwa kuomba kinga na shari ya wachawi wanaopulizia mafundoni. Uzi mwekundu, unyoya mweusi, kitanda cha mtoto mchanga. Nami nilikuwa nimeona rangi tu.

"Ya kushikilia, mama. Hayana jingine."

"Basi yafungue. Mimi nikiona."

Niliomba mkasi, akakataa. Nikakaa chini kwenye zulia la korido na kuanza. Wapangaji wengine walipita na mifuko yao ya vyakula, wakanizunguka. Uzi ulikuwa umelowa kwa magome mabichi, kisha ukakaushwa na hita, ukakakamaa kama waya. Kadiri fundo lilivyokawia ndivyo nilivyozidi kuonekana mwenye hatia. Juu yangu midomo yake ilikuwa ikisoma. Nikaitambua sura ya Kurani, ileile ya mafundo, nikaisoma naye kwa sauti.

Fundo la unyoya liligoma kabisa. Nilijaribu ukucha, nikajaribu meno. Mwishowe alichuchumaa, akachomoa pini ya mtandio wake, akaninyang'anya kitu kile alichokuwa akikikwepa. Akalichokonoa fundo hadi likalegea. Aliunyoosha uzi, akautazama kwenye taa ya korido kwa muda mrefu.

"Nawa mikono," akasema.

Nilinawa jikoni kwake, sabuni mara mbili. Nilipotoka alinipakatisha mtoto, angali ana joto. Lakini yeye hakukaa. Alisimama kando ya kiti, macho yake mikononi mwangu, nami sikuthubutu hata kumfuta mtoto kamasi.